Chien, Wazimu na Kiwewe: Msamiati wa Majeraha ya Nafsi katika Mwambao wa Kisumu

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta aliwasili Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo wenyeji waliibandika jina la "Russia". Sherehe hiyo iliishia katika milio ya risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu 11. Wenyeji wameshikilia kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi. Siku tano baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku. Historia ya kisiasa ya siku hiyo imejadiliwa sana. Lisilojadiliwa vya kutosha ni maneno waliyokuwa nayo walionusurika: mtu anayegutuka usiku, au anayezunguka mbali ili asipite barabara fulani, aliitwaje? Makala haya yanadai kwamba unyanyapaa wake haukutokana na ukosefu wa maneno, bali na maneno yaliyokuwapo, ambayo yalimbebesha hatia.

Katika Kidholuo, chien ni roho ya marehemu aliyedhulumiwa, irudiyo kudai haki yake. Dhana hii imeelewa jambo la msingi: kwamba yaliyopita hurejea bila kualikwa. Zaidi ya hayo, deni hilo lilikuwa la ukoo, na ukoo ulishiriki kulilipa. Chira nayo ni adhabu ya kuvunja mwiko, na hutakaswa kwa dawa ya manyasi. Hata hivyo, dhana zote mbili huanza kwa swali moja: nani alikosa? Kwa askari aliyeua vitani, swali hilo lina mantiki. Kwa mtu aliyepigwa risasi akiwa kando ya barabara, linakuwa dhuluma ya pili, kwa maana linamtafuta mkosaji ndani ya boma lake ilhali mkosaji alishika bunduki.

Ukristo ulilikaza fundo hili. Katika lugha ya kanisa, jachien likawa jina la pepo mchafu na la Ibilisi mwenyewe; deni lililoweza kulipwa likageuka uovu wa kukemewa. Okot p'Bitek, ambaye alifanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha katika *Religion of the Central Luo* (1971) jinsi tafsiri za kimisheni zilivyoyavuruga mawazo ya Waluo wa Uganda. Hoja yake ina uzito uo huo katika mwambao huu.

Kiswahili, lugha ya soko na ya kituo cha polisi, kilileta neno wazimu, ambalo lenyewe lina mzizi mmoja na mizimu. Kadhalika, hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu, ilizaa tusi linalosikika hadi Nyanza. Muundo wa maneno haya una maana. Kidholuo huunda janeko, "mwendawazimu", kwa kiambishi kile kile cha japuonj, "mwalimu", na jalupo, "mvuvi". Ugonjwa unakuwa kama kazi au asili ya mtu. Haumpiti, bali unamtaja.

Grace Ogot, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri, aliliona tatizo hili mapema. Katika *The Promised Land* (1966), Ochola, mhamiaji wa Kijaluo aliyekwenda Tanganyika, anaota miiba mwilini kwa uchawi wa jirani, na utabibu wa Kizungu unashindwa kumponya. Miiba hiyo yaweza kusomwa kama sitiari ya jeraha lisiloonekana: Ogot analitoa nje ya ngozi ili jamii ilazimike kulitazama, na anamweka mtendaji wake nje ya mgonjwa.

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza rasmi mfadhaiko wa baada ya kiwewe katika orodha yake ya maradhi, kwa msukumo mkubwa wa maveterani wa Vietnam. Ubora wa neno kiwewe ni wa kisarufi na wa kimaadili pia: mtu huingiwa na kiwewe, na neno halikuzaa jina la kumbandika mtu. Linauliza, "ulipatwa na nini?" Baada ya mauaji ya 2007 na 2008, swali hilo lilihitajika tena Kisumu. Upungufu wake ni kwamba humwacha mgonjwa peke yake mbele ya daktari, wakati chien iliuita ukoo mzima. Lugha itakayowatendea haki walionusurika haina budi kuchukua kutoka kwa kiwewe kutokuwa na hatia kwa mgonjwa, na kutoka kwa chien ukweli kwamba lipo deni, na kwamba mdaiwa ni mwingine.