Kuchaji Buyenzi kabla umeme haujakatika

Kazi ya kuchaji ilifika Buyenzi kabla ya simu. Katika gereji za mtaa huu, zile ambazo Bujumbura nzima huletea magari yake, palikuwa na kona ya betri: benchi la mbao lililoliwa na asidi, chaja ya chuma inayonguruma, na betri zilizopangwa safu, vizibo vimefunguliwa ili gesi ipate pa kutokea. Mjomba wangu alilea watoto wake kwa kona ya namna hiyo miaka ya 1980. Nyingi za betri alizopokea hazikutoka kwenye magari. Zilitoka kwenye nyumba za pembezoni, ambako nguzo za umeme zilikuwa hazijafika, kwa watu waliokuwa wakisikilizia redio na kuwashia taa moja ya sebuleni, baada ya kuchoka kununua mawe ya redio kila mara. Walizileta jioni kwa baiskeli, asubuhi wakazifuata.

Mjomba alikuwa na kanuni moja, na kwa betri ya asidi ni kanuni ya kweli hadi leo: ipe sehemu ya kumi ya ujazo wake. Betri ya ampea-saa 60 hupewa ampea 6, na kazi huchukua usiku mzima. Ukiizidishia, maji huchemka, bamba za risasi hupinda, na unga wake hudondoka hadi chini ya sanduku. Mteja mwenye haraka alijibiwa kwa upole kwamba arudi kesho.

Ninaanzia kwa mjomba kwa sababu vijana wanaokuja kibandani kwangu kuuliza namna ya kuchaji simu kwa kasi kubwa hudhani haraka hii ililetwa na simu za kisasa. Mimi nimekulia katika kazi hii, na niliyoyaona ni tofauti. Katika mji wetu kasi ya kuchaji imeamuliwa siku zote na umeme wenyewe, kwa saa uliyopo na saa usiyopo. Mtu wa Bujumbura hataki simu ijae haraka kwa kuwa hana subira. Anataka ijae kabla umeme haujakatika.

Mji ulianza kupata umeme wa bwawa kubwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ukiitwa bado Usumbura, kutoka Ruzizi I upande wa Kongo, karibu na Bukavu. Likaja bwawa la Mugere lenye megawati 8 mwaka 1982, kisha Rwegura yenye megawati 18 mwaka 1986, kule juu kwenye msitu wa Kibira, na mwaka 1989 Ruzizi II, ambayo Burundi inagawana na Rwanda na Kongo. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, nchi haikupata bwawa jingine la kiasi hicho, huku mji ukipanuka kuelekea Kinama, Kamenge na Kanyosha. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliangusha nguzo za laini kubwa zinazoleta umeme mjini. Julai 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo, vikadumu hadi Januari 1999, na mafuta ya jenereta yakawa kitu cha kutafutwa kwa udi na uvumba. Mtoto aliyezaliwa Buyenzi miaka hiyo alijifunza neno delestaji, yaani mgao wa umeme, mapema sana.

Ni katika miaka hiyo tulipoona simu za mkononi kwa mara ya kwanza. Zilikuwa za Telecel, kampuni ambayo Miko Rwayitare alikuwa ameianzisha Kinshasa katika miaka ya 1980, na wenye nazo walikuwa wakubwa na wafanyabiashara. Betri zake zilikuwa za nikeli. Betri ya nikeli na kadimi inataka kuchajiwa kwa saa nyingi mara ya kwanza, na inataka pia kumalizwa mara kwa mara, la sivyo uwezo wake hupungua. Huko ndiko ulikotoka ule usia ambao kila muuzaji wa simu hapa aliutoa kwa miaka mingi baadaye: ukinunua simu mpya, ichaji saa nane kabla hujaiwasha. Sony ilikuwa imeshaanza kuuza betri za lithiamu tangu 1991, nazo hazihitaji utaratibu huo hata kidogo, lakini usia ulibaki. Nimewaona watu wakilala na simu mpya imezimwa ukutani, usiku ambao walikuwa na habari za kuwapa ndugu zao.

Baada ya uchaguzi wa 2005 bei zilishuka, na simu zikaingia mtaani kwa wingi. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo ninayoikumbuka kwa heshima. Ilikuwa na kurunzi, na usiku wa delestaji kurunzi ile ilikuwa taa ya nyumba. Betri yake ilibeba miliampea-saa 850, na chaja yake ya pini ilitoa takriban miliampea 350. Gawanya, uongeze kidogo kwa ajili ya mwisho wa betri ambao huenda polepole, utapata karibu saa tatu.

Saa tatu hizo ndizo zilizojenga biashara ya vinyozi. Kinyozi alikuwa na mashine za umeme, kwa hiyo alikuwa na mita yake, na aliyejiweza alikuwa na jenereta ndogo nyuma ya mlango. Alitandika ralonje, ule waya wa matundu mengi, juu ya meza, akaning'iniza chaja za kila aina, na kukata karatasi ya namba vipande viwili: kimoja kinafungwa kwenye simu kwa mpira, kingine anaondoka nacho mwenyewe. Watu walitoka mitaa isiyo na umeme, wengine walishuka kutoka milimani, wakaacha simu na kwenda sokoni. Umeme ukikaa saa nne, kinyozi alichaji zamu moja na kidogo. Ukikaa saa mbili, jioni walisimama mlangoni watu wenye simu za nusu. Ndipo zilipopendwa chaja za kubana betri: unatoa betri, unaibana kwenye kile kidude chenye taa inayobadilika rangi, simu na laini unabaki nazo mfukoni. Hazikuwa na kasi zaidi, na nyingine zilivimbisha betri kwa kutojua kusimama zikijaa, lakini ziliondoa hofu ya kumwachia mtu namba zako zote.

Januari 27, 2013 soko kuu la mjini liliungua. Waliokuwa wakiuza chaja na vifaa vya simu pale ndani walipoteza mali yote, na walioweza kuanza upya walitawanyika, wengine Siyoni hapa jirani, wengine kwenye eneo la zamani la kiwanda cha COTEBU, wengine barabarani na meza tu. Bidhaa za haraka kutoka Dubai na Guangzhou, zilizopita Kampala au Dar es Salaam, zikajaa mjini bila mtu wa kuzichambua.

Kisha ukaja mwaka 2015. Machi kampuni ya simu ya Lumitel ilianza kazi, na Mei, katika jaribio la mapinduzi, redio binafsi zilizokuwa zikisikilizwa na kila nyumba ziliharibiwa. Habari zikahamia kwenye simu, na waandishi waliokosa studio walianzisha SOS Médias Burundi moja kwa moja kwenye mitandao ya kijamii. Sitasahau mlango wangu wiki zile. Watu hawakuulizia tena kioo kilichopasuka. Waliuliza betri, chaja, waya, na jinsi ya kupata asilimia thelathini katika nusu saa, kwa kuwa mtoto alikuwa Musaga na mama alikuwa Kamenge.

Nilichowaeleza wakati ule ndicho ninachoeleza hadi leo, ila vifaa vimebadilika. Tundu la USB la kompyuta lilitengenezwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Kwa kiasi hicho simu ya leo yenye betri ya miliampea-saa 5000, ambayo ni kama wati-saa 19, inataka mchana mzima. Mwaka 2010 kanuni mpya ya USB iliruhusu vichwa vya chaja vya ukutani kutoa hadi ampea 1.5. Baada ya hapo watengenezaji waligawanyika njia mbili. Qualcomm walipandisha volti: Quick Charge ya pili inapeleka volti 9 kwa ampea karibu 2. Oppo, kwa VOOC ya mwaka 2014, walibaki na volti 5 wakapandisha ampea hadi 4, kwa waya mnene wa kwao wenyewe. Njia zote mbili zinataka kichwa, waya na simu vizungumze kwanza. Simu inauliza, kichwa kinajibu kina uwezo gani. Kisipojibu lugha inayoeleweka, simu inarudi kwenye volti 5 na kasi ya kobe, hata kama kichwa kimeandikwa wati 65. Ndiyo maana kijana huja na kichwa cha bei kubwa cha kampuni nyingine, akashangaa simu yake haina hata ile alama ya kuchaji kwa kasi.

Mkosaji wa kawaida ni waya. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.3, ukipitisha ampea 2, unapoteza volti 0.6 njiani. Simu inaona 4.4 badala ya 5, inaogopa, inapunguza. Waya mfupi na mnene unaponya simu nyingi zinazoletwa kwangu kama mbovu. Baada ya waya ninaangalia tundu lenyewe. Vumbi la mji huu hujipaka humo likawa kama mkeka, na kijiti cha mbao kikavu kinalitoa, simu ikiwa imezimwa.

Joto ni jambo zito kwetu tulio kando ya Tanganyika. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikipita nyuzi 45, na simu nzuri hujikata kasi mapema kabla ya hapo. Simu iliyo kwenye kava nene, juu ya godoro, dirisha limefungwa, mchana wa Septemba, haitafika wati zake hata kidogo. Itoe kava, iweke sakafuni kwenye saruji, zima kioo, na usimgawie jirani intaneti kwa wakati huo. Modi ya ndege inasaidia kidogo tu, ila pale mtandao unaposhikika kwa shida inasaidia zaidi, kwa sababu simu haihangaiki kutafuta mnara.

Na umeme ukiwa wa saa moja, usingoje asilimia mia. Hadi karibu asilimia 80 betri hupokea mkondo mkubwa. Baada ya hapo volti zake hufika kikomo na mkondo hupungua polepole, kwa hiyo zile ishirini za mwisho hula muda mwingi kuliko zote. Kwenye nyumba yenye simu tatu na kichwa kimoja, kila moja ifikishwe 70 ndipo ya pili ichomekwe.

Watu hulaumu pia udhaifu wa umeme wa jioni, taa zinapofifia. Vichwa vingi vya leo hufanya kazi kutoka volti 100 hadi 240, kwa hiyo taa inaweza kuwa nyekundu na simu ikaendelea vizuri. Hatari ipo umeme unaporudi ghafla. Chomoa wakati wa delestaji, ngoja dakika kadhaa baada ya kurudi.

Siku hizi Rusumo, yenye megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Tanzania, imeongeza umeme, lakini nchini ni kama mtu mmoja kati ya kumi tu mwenye umeme nyumbani, na upungufu wa mafuta umenyamazisha jenereta nyingi za vinyozi. Paneli za jua zimechukua nafasi yao mabandani. Paneli ndogo haiwezi kuleta wati 33 wingu likipita, kwa hiyo wenye nazo wanajaza pawabenki mchana na simu usiku.

Kibandani nina kipima cha USB, kidude kidogo cha kuonyesha volti na ampea. Anayenunua kichwa au waya mtaani huniletea kabla ya kulipa, tunachomeka, tunasoma pamoja. Kikisoma ampea 0.8 palipoandikwa 3, anakirudisha. Wauzaji wawili watatu wa meza za jirani wameanza kuleta mzigo wao wenyewe upimwe kabla ya kuupanga.