Usingizi wa Mfumo: Fasili ya Istilahi

Usingizi wa mfumo ni hali ambayo kompyuta, pasipo kuzimwa, huziachia kazi zake njiani, hupunguza umeme wa vifaa vyake hadi kiasi cha chini kabisa, na huku ikiihifadhi amana ya yale yaliyokuwa yakitendwa, hukaa tayari kuuitikia mwito wa kuamka. Pengine mfasiri, akiona skrini imeingia giza na mashine imenyamaza, atadhani yatosha kuiita hali hii kuzima kwa muda; lakini atakayezifahamu taratibu vinazopitishwa vifaa kabla ya kulala na baada ya kuamka atakiri kwamba usingizi ndiyo ibara ya haki.

Kilichozimwa hakina kumbukumbu wala sikio; kilicholala kinavyo vyote viwili. Katika kanuni ya ACPI ya kusimamia umeme wa kompyuta, iliyotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, usingizi umepangwa kwa daraja. Upo usingizi wa kumbukumbu, ambao prosesa hukatiwa umeme ilhali chipu za kumbukumbu huachiwa kadiri ndogo ya kujihuisha, zisipoteze zilichobeba. Na upo usingizi wa diski, ambao kila kilichomo kumbukumbuni huandikwa diskini, ndipo umeme ukakatwa. Fauka ya hayo, kila kifaa kina daraja zake, kuanzia D0, ambayo kinafanya kazi kwa nguvu zote, hadi D3, ambayo umeme wake waweza kuondolewa kabisa.

Hikima ya jambo hili imo katika mpango wa kuvilaza vifaa hivyo, nasi twaweza kuutazama katika kiini cha Linux. Kwanza programu za mtumiaji hugandishwa, zisije zikaomba kazi kwa kifaa kilichokwisha kupumzika; kisha viendeshi hupitishwa katika hatua nne. Hatua ya kwanza ni ya matayarisho, nayo hushuka kutoka kwa kifaa mzazi kwenda kwa watoto, yaani vifaa vilivyofungamana nacho, ili pasisajiliwe mtoto mpya katikati ya shughuli. Katika hatua tatu zifuatazo, ambazo kifaa huacha kupokea na kutoa data, hali ya rejista zake huhifadhiwa, na hatimaye ishara zake za kukatiza hufungwa, mwendo hugeuka, mtoto akalala kabla ya mzazi. Kibodi, mathalan, imefungamana na kidhibiti cha USB, nacho kidhibiti kimefungamana na njia ya PCI. Lau kidhibiti kingelala mbele, hapangekuwa na njia ya kuifikia kibodi na kuiaga. Ndivyo mabaharia wa mashua wasivyong'oa mlingoti na hali tanga lingali limetundikwa juu yake. Wakati wa kuamka, mzazi hutangulia, mtoto akafuata.

Kifaa chenye ruhusa ya kuuvunja usingizi huu napenda kukiita kiamsha. Kibodi, saa ya ndani, kadi ya mtandao na kifuniko cha kompyuta mpakato vyote vyaweza kuwa viamsha, lakini kwa sharti mbili zisizochanganywa: uwezo, ambao ni wa umbile la kifaa chenyewe, na idhini, ambayo iko mikononi mwa mwenye mashine. Linux huziweka sharti hizi mbalimbali, maana kadi ya mtandao yenye uwezo wa kuamsha si lazima iachiwe kuikurupusha kompyuta usiku kucha.

Kuna na hatari moja iliyowashughulisha wajuzi kwa muda mrefu: kiamsha kikitoa mwito katika nukta ileile mfumo unapojilaza, mwito huo waweza kupotea, na ujumbe ulioingia simuni ukakaa bila kusomwa. Mwaka 2010, katika toleo la 2.6.36, Linux ilipata tadbiri iliyotungwa na Rafael J. Wysocki: programu husoma hesabu ya miito iliyokwisha kuingia, na ikishaazimia kulala huirudisha hesabu ileile kwa kiini; hesabu ikiwa imebadilika katikati ya hapo, kiini hukataa, na mfumo hubaki macho.

Lugha yetu ina zana zilizo tayari kwa elimu hii. Kulala na kulaza, kuamka na kuamsha, ni jozi zinazomtenga mtendaji na mtendewa pasipo kuongeza neno: mfumo hukilaza kifaa, kiamsha huuamsha mfumo, nao mfumo ulioamka huviamsha vifaa vyake kimoja kimoja. Kusinzia kutatufaa kwa kifaa kimoja kinachopunguziwa umeme kwa kukosa kazi ilhali mfumo wote u macho, jambo ambalo wanafunzi aghalabu hulichanganya na usingizi wa mfumo mzima. Na kuzima kubakie palepale pa asili yake, pale ambapo kazi imekoma na hakuna kilichohifadhiwa. Waandishi wa vitabu vya kufundishia wakizishika tofauti hizi, mwanafunzi atayaelewa maumbile ya mfumo tangu anapolisikia jina lake, naye hatalazimika kujifunza jambo moja mara mbili, kwanza kwa lugha ya kigeni na kisha kwa lugha yake.