Yasomekayo katika Laini ya Marehemu

Mtu wa Mugumu au Sirari akifiwa na baba, aghalabu husalia na laini ya simu ya marehemu, naye hutamani kujua yaliyomo. Laini za kwanza, 300 tu, zilitengenezwa na Giesecke & Devrient wa Munich mwaka 1991 kwa ajili ya kampuni ya Finland. Tangu hapo laini imekuwa pia kama kijitabu chenye nafasi ya majina na jumbe chache.

Chombo cha bei nafuu cha kuisomea, pamoja na programu yake, chaweza kutoa majina hayo na jumbe zilizohifadhiwa humo. Pengine hata zilizofutwa, maana baadhi ya simu zilibadili alama tu, maneno yakabaki. Lakini namba ya siri ikikosewa mara 3, laini hujifunga. Namba ya kuifungulia ikikosewa mara 10, basi tena.

Ufunguo ambao kwao mtandao huitambua laini hausomeki. Mwaka 1998 Briceno, Goldberg na Wagner waliutoa huko California, kwa kuwa hesabu iliyoulinda ilikuwa dhaifu. Hesabu hizo zimebadilishwa, na programu zinazojigamba kunakili laini yoyote zataka kutiliwa shaka.

Fedha nazo hazimo. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, salio hukaa katika mitambo ya kampuni, na mrithi hana budi kulidai huko.

Tena simu za kisasa huweka jumbe katika kumbukumbu zake zenyewe. Kwa hiyo mfiwa huyo huenda akaoneshwa majina machache ya zamani, labda na lake mwenyewe, kama baba alivyozoea kumwita.