Kizimba Kilichogeuzwa: Sheria na Uchawi kutoka Salem hadi Johannesburg

Mwaka 1692, katika koloni la Massachusetts, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, akafa akikandamizwa kwa mawe mazito kwa kuwa alikataa kujibu mashitaka. Mwaka 1957, Bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria Na. 3, Sheria ya Kukomesha Uchawi, ambayo kosa lake la kwanza ni kumwita mtu mwingine mchawi. Kati ya tarehe hizo mbili kizimba kiligeuzwa: aliyekuwa mshitakiwa akawa mlalamikaji, na aliyekuwa mlalamikaji akawa mshitakiwa. Swali lililobaki ni kama kugeuzwa huko kulimlinda yule aliyenyoshewa kidole. Historia ya Johannesburg, na ya vijiji vilivyoupelekea mji huo vijana wake, inatoa jibu lisilofariji.

Inafaa kuanza na Salem, kwa maana mengi yanayosemwa kuihusu yanaishia kwenye ujinga wa watu wa kale. Wapuritani walikuwa watu wa kitabu, wafuasi wa mafundisho ya Calvin, na mahakama yao ilifuata utaratibu: hati za mashitaka, mashahidi, baraza la wazee wa mahakama. Kasoro ilikuwa katika kile kilichokubaliwa kuwa ushahidi. Mtu akisema kwamba kivuli cha jirani yake kilimjia usiku kumkaba, kauli hiyo ilipokewa, na jirani hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba kivuli chake kilikuwa kimelala nyumbani. Waliokiri walisalimika kwa kuwataja wengine. Waliokana walikwenda kitanzini. Mchungaji Increase Mather alipopinga kumhukumu mtu kwa ushahidi wa vivuli peke yake, na Gavana William Phips alipoivunja mahakama ile maalumu mwezi Oktoba, mauaji yalikoma. Mwaka 1697 jaji Samuel Sewall aliungama kosa lake mbele ya waumini wenzake, na mwaka 1711 koloni likatoa fidia kwa familia za baadhi ya waliohukumiwa. Yafaa kukumbuka kwamba watu hao hawakuwa wameacha kuamini uchawi. Walichoacha ni kuuamini ushahidi ule.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1735 ilikomesha mashitaka ya uchawi, na kufanya kosa liwe kujidai kuwa nao. Huo ndio msimamo uliosafirishwa kwenda makoloni ya Afrika. Koloni la Cape lilitunga sheria yake mwaka 1895. Transvaal, ambako Johannesburg ilikuwa imekwisha kuchipuka juu ya dhahabu, ilipata ya kwake mwaka 1904, miaka miwili baada ya Waingereza kuwashinda Makaburu. Kenya ikafuata mwaka 1925, na Tanganyika mwaka 1928. Makaburu wenyewe walikuwa Wakalvini, ndugu wa Wapuritani kiimani, lakini hawakumburuta mchawi yeyote mahakamani kama Salem. Uholanzi, chimbuko la kanisa lao, ilikuwa imeacha kuwaua wachawi tangu mwanzoni mwa karne ya 17.

Kesi mbili za miaka ya 1930 zinaonyesha jinsi msimamo huo ulivyofanya kazi. Mwaka 1932, nchini Kenya, wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemtuhumu kumroga mke wa mmoja wao, Kumwaka wa Mulumbi. Adhabu hiyo haikutekelezwa, lakini hesabu yake inashtua: hakimu mmoja wa kikoloni alitamka kifo kwa watu mara tatu ya walionyongwa Salem, safari hii akiwahukumu wawindaji wa mchawi. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani mjini Bloemfontein ilisikiliza rufaa ya kijana aitwaye Mbombela. Alikuwa ameona umbo dogo ndani ya kibanda chenye giza, akaamini kuwa ni tokoloshe, akalipiga kwa shoka. Kumbe ni mtoto, mpwa wake. Mahakama iliiondoa hatia ya mauaji ya kukusudia na kumpa kifungo cha miezi 12, lakini ilisisitiza kwamba kipimo cha mtu mwenye busara ni kimoja kwa watu wote, na imani katika tokoloshe haiwezi kuingia ndani ya kipimo hicho. Hofu ya Mbombela ilisikika mahakamani kama sababu ya kumhurumia. Kama hoja, haikupewa nafasi.

Sheria ya mwaka 1957, iliyotungwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, ilikusanya sheria hizo za kale na kuziongezea makali. Kumtaja mtu kuwa mchawi, kumwajiri mpiga ramli amfichue, kujidai ujuzi wa uchawi: yote yakawa makosa, na pale aliyetajwa alipouawa kifungo kiliweza kufika miaka 20. Sangoma anayetibu wagonjwa na tapeli anayeuza vitisho wakajikuta wakitazamwa kwa jicho moja la polisi. Machifu nao, ambao zamani walisikiliza mashauri hayo hadharani, walinyang'anywa mamlaka ya kuyasikiliza. Mashauri ya kale hayakuwa ya haki siku zote, na wengi walifukuzwa makwao kwa neno la mpiga ramli. Lakini yalikuwa na mahali pa kusemea, na mtuhumiwa aliweza kujibu. Mlango huo ulipofungwa hofu haikutoweka. Ilitafuta njia ya usiku.

Johannesburg ilikuwa ndani ya mzunguko huo tangu mwanzo. Migodi iliwachukua wanaume wa Sekhukhune, wa Venda na wa mbali zaidi, ikawarudisha na mshahara, baiskeli na redio, mara nyingine na kifua kilichoharibiwa na vumbi la mawe. Nyumba moja ikaezekwa bati na ya jirani ikabaki na nyasi. Wivu ulipata vitu vya kuutazama, na ugonjwa ukapata majina ya kupewa. Huko Soweto, mtafiti Adam Ashforth, aliyeanza kuishi humo katika miaka ya mwisho ya ubaguzi wa rangi, aliandika mwaka 2005 kwamba utawala wa kidemokrasia ulirithi watu wanaoishi katika hali ya kutokuwa na usalama wa kiroho: wanaamini kwamba wanadhuriwa, na dola inawaambia kwamba hakuna wa kushitakiwa.

Mwezi Aprili 1986, Sekhukhune ikawaka. Vijana waliojiita makomredi, katikati ya mapambano dhidi ya serikali, waliwachoma moto makumi ya watu waliowatuhumu kwa uchawi, wengi wao wanawake wazee. Peter Delius, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ameonyesha jinsi vijana hao walivyoamini kwamba wanaisafisha jamii kwa ajili ya ukombozi. Hapo ndipo Salem inaporudi, ikiwa mbaya zaidi: hofu ile ile, ushahidi ule ule usioweza kujibiwa, ila sasa hakuna hati, hakuna hakimu, wala gavana wa kuivunja mahakama.

Mwaka 1995, serikali mpya ya Jimbo la Kaskazini, leo Limpopo, iliunda tume chini ya Profesa Victor Ralushai. Ripoti yake ya mwaka uliofuata ilipendekeza sheria mpya ambayo ingemwadhibu mwenye kutuhumu bila sababu za msingi, na pia mwenye kuroga. Wakosoaji waliliona shimo mara moja: sababu za msingi za kumtuhumu mchawi ni zipi, na nani atazipima? Ni swali la Increase Mather likiulizwa upya miaka 300 baadaye. Mkutano wa Thohoyandou wa mwaka 1998, ulioitishwa na Tume ya Usawa wa Jinsia, ulielekeza macho kwa wanawake wanaouawa na kufukuzwa, na ukataka sheria ya 1957 iachwe.

Suala hilo limefika pia kwenye kilima cha Braamfontein, Johannesburg, ambako Mahakama ya Katiba imejengwa penye gereza la zamani la Old Fort, kwa matofali yaliyobomolewa kutoka jengo la mahabusu. Mwezi Agosti 2006 mahakama hiyo ilibatilisha sheria iliyowatambua waganga wa jadi, kwa kuwa Bunge halikuwasikiliza wananchi ipasavyo kabla ya kuipitisha. Ikatungwa upya mwaka 2007. Sangoma akapata hadhi katika sheria moja huku kivuli cha 1957 kikimfuata katika nyingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataona ugeni. Sheria ya Uganda ni ya mwaka ule ule wa 1957, na katika kesi ya Abuki majaji wa nchi hiyo walikataa mtu kufukuzwa kwake kwa miaka kumi kwa sababu ya uchawi, maana kumnyang'anya mkulima ardhi ni kumnyang'anya riziki. Usukumani na Kilifi, bibi mwenye macho mekundu au mzee mwenye mvi angali analala akisikiliza hatua mlangoni.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Methali hiyo haibishani juu ya kuwepo kwa mchawi. Inamfunga kwa dhamana, mbele ya watu wote, ili mtoto abaki hai. Salem ilipona kwa kukataa ushahidi usiojibika na kwa kuungama hadharani. Sheria ya kikoloni ilikataa hofu yenyewe, ikadhani imeimaliza. Kazi iliyobaki, Johannesburg kama Shinyanga, ni kumwekea mtuhumiwa ulinzi ulio wazi: polisi wanaofika kabla ya moto, baraza linalosikiliza msiba wa jirani bila kutafuta wa kuulipia, na njia ya kumrudisha aliyefukuzwa kwenye nyumba yake.