Wageni wa Lamu na Mwenyeji Wao

Habari za miji midogo ya bandari katika pwani ya Afrika Mashariki zimezoeleka kusimuliwa kwa kinywa cha mgeni. Ibn Battuta alitia nanga Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, na usiku huo mmoja hadi leo hutajwa katika kila kitabu cha historia ya mji ule. Lamu ina bahati ya pekee kidogo. Moja katika habari za kale zilizoandikwa kuihusu haikutoka kwa mgeni aliyeizuru, bali kwa mtu wake aliyekuwa mgeni kwingine: kadhi wa Lamu alikwenda Makka katika karne ya 15, akakutana huko na mwandishi wa Misri, naye mwandishi akayatia katika kitabu aliyoyasikia. Basi tangu hapo mji ulikuwa na msemaji wake.

Jambo hilo lafaa likumbukwe inapozungumzwa aina nyingine ya ziara, nayo ni ziara za wataalamu wa lugha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mji wa Lamu umejengwa ubavuni mwa kisiwa, ukielekea Manda ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Majahazi ya Arabuni yaliyosukumwa na kaskazi yaliingia hapo na tende na mazulia, yakangoja kusi yarudi na boriti za mikoko. Wageni wa namna hiyo mji uliwazoea kwa karne nyingi. Wataalamu hawakutaka boriti. Walitaka tendi.

Alice Werner alikuwa katika Afrika Mashariki kuanzia 1911 hadi 1913, na Lamu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alifundisha Kiswahili katika chuo cha London kilichoanzishwa kwa ajili ya lugha za Mashariki, akawa profesa. Ernst Dammann, Mjerumani, alifika Lamu mwaka 1936 pamoja na mkewe, na kitabu chake cha tendi na mashairi ya Kiamu kikatoka mwaka 1940. William Hichens, aliyetoa Al-Inkishafi mwaka 1939, alipata mengi kwa njia ya barua. Watu watatu, nyakati mbalimbali, na wote walibisha mlango mmoja: mlango wa Muhamadi bin Abubakari, maarufu kwa jina la Kijuma.

Kijuma alizaliwa Lamu kiasi cha mwaka 1855, akafariki 1945. Alikuwa malenga, mwandishi wa hati, mchongaji wa mbao na mtu wa ngoma na ala. Katika vitabu vya wageni wake jina lake hutokea mara nyingi katika dibaji, likishukuriwa, kisha hutoweka. Huitwa mnukuzi, au msaidizi. Neno mnukuzi humfanya mtu kuwa kama kioo, akipokea sura na kuirudisha. Je, kazi ya Kijuma ilikuwa hiyo tu?

Yafaa kwanza kuitazama hati yenyewe. Tendi za Lamu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo zina alama tatu tu za irabu fupi, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa desturi ya zamani kasra ilisomwa ama *i* ama *e*, na dhuma ama *u* ama *o*. Herufi ya *b* mara nyingi ilisimama mahali pa *p*, na king'ong'o cha *mb* au *nd* kiliachwa bila kuandikwa. Kwa hiyo neno lililoandikwa namna moja laweza kusomwa *kupika* au *kupeka*, na hili la pili ndilo kupeleka kwa watu wa Lamu. Msomaji mwenyeji hukata shauri papo hapo, kwa kuwa analijua neno na mizani inamwongoza. Msomaji aliyeko London hana pa kushika. Kila alipoifafanua hati kwa ajili ya mgeni, Kijuma alikuwa akichagua: silabi hii, si ile, beti hizi zitangulie, zile zifuate. Chaguo lake ndilo lililopigwa chapa.

Hata hivyo hoja yenye nguvu zaidi ni Utendi wa Liyongo. Hadithi ya Fumo Liyongo ni ya zamani sana katika pwani ya kaskazini, na Edward Steere alikwisha kuichapa kwa nathari katika mkusanyo wake wa ngano za mwaka 1870. Lakini utendi unaosomwa madarasani ulitungwa na Kijuma mwenyewe mwaka 1913, katika siku zile zile ambapo Werner alikuwa akitafuta habari za shujaa huyo. Naye Werner ndiye aliyeutangaza katika miaka ya 1920. Utendi huu umezoea kuwekwa pamoja na Al-Inkishafi na Mwana Kupona chini ya anwani ya tungo za kale. (Ukale huo ni wa shujaa, si wa wino.) Kijuma alikuwa na simulizi za wazee na nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo, akazipanga kwa bahari ya utendi kwa namna aliyoijua kuwa itamfaa msomaji wa mbali. Mtu wa namna hiyo si mnukuzi. Ni mtunzi, na zaidi ya hayo ni mhariri wa fasihi ya mji wake.

Si haki kuwalaumu wageni hao kupita kiasi. Nyumba za mawe za Lamu zina unyevu, na mchwa hawana heshima kwa utendi. Karatasi nyingi zisingalifika siku zetu kama zisingalipelekwa London na Ujerumani. Tena Kijuma hakudhulumiwa kama mjinga: alilipwa kwa kazi yake, na alijua thamani yake. Lawama iliyo halali ni nyingine. Kwa sababu Lamu ilikuwa na mwenyeji mmoja hodari aliyefungua mlango, picha nzima ya ushairi wa kale imechorwa kutoka barazani pake. Siyu, iliyosifika kwa unakili wa misahafu, haikupata mlango wa namna hiyo. Mombasa iliupata mapema kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemkusanyia W. E. Taylor mashairi ya Muyaka kabla ya kufariki mwaka 1890. Na huko nako mwenyeji amefunikwa na jina la mgeni.

Kuna kinaya kimoja ambacho wanaisimu hawajakitilia mkazo wa kutosha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake mwaka 1930. Katika miaka ile ile, Kijuma akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa akiwaandikia Hichens na kisha Dammann tendi kwa Kiamu. Lugha moja ilipewa hadhi mbili kwa wakati mmoja: nje ya nchi ilihesabiwa kuwa hazina ya ushairi, na ndani ya shule mtoto aliyeandika *ndia* kwa njia, *moya* kwa moja, *mato* kwa macho, alipigiwa mstari mwekundu. Matokeo yake yangali yakionekana vyuoni. Mwanafunzi husoma *mui* katika utendi, hupewa tanbihi kwamba maana yake ni mji, naye huondoka akidhani amekutana na neno lililokufa. Wala hakuna aliyemwambia kwamba neno hilo husikika kila asubuhi Mkomani na Langoni.

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada mingine ya pwani kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikatoka mwaka 1970. Baadaye, mwaka 1983, Abou Egl aliandika tasnifu juu ya maisha na kazi za Kijuma huko London, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu chenye jina lake juu ya jalada, pamoja na maandiko aliyomwandikia Dammann. Ilichukua miaka 65 tangu kufa kwake mwenyeji atoke katika dibaji za wengine. Toleo lolote la shule la Utendi wa Liyongo lafaa lisianze na beti bila mwaka 1913 na bila jina la aliyezitunga.