Viegemeo vya vitabu vya chuma cha kusubu

Viegemeo vya vitabu vya chuma cha kusubu ni jozi za mapambo mazito yanayowekwa kwenye ncha mbili za safu ya vitabu ili visianguke. Vinavyosakwa zaidi na wakusanyaji ni vya Marekani, hasa vya miaka ya 1920 na 1930.

Historia

Mwaka 1877 William Stebbins Barnard alipewa hataza ya Marekani ya kiegemeo cha bati, ambacho hushikiliwa na uzito wa vitabu vyenyewe. Cha chuma cha kusubu hutegemea uzito wake. Bradley & Hubbard ya Meriden, Connecticut, iliyokuwa tayari mashuhuri kwa taa na saa, ilitoa kazi nadhifu mno. Hubley ya Lancaster, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1894, ilitengeneza pia vitu vya kuchezea watoto na vizuizi vya milango. Baadaye Vita Kuu ya Pili ilielekeza chuma kwenye silaha badala ya mapambo kama haya.

Maumbo

Mbwa, bundi, merikebu, vikapu vya maua, Abraham Lincoln. Sanamu ya James Earle Fraser ya Mhindi Mwekundu aliyejiinamia juu ya farasi hoi, iliyoonyeshwa San Francisco mwaka 1915, iliigwa na viwanda vingi.

Kutambua cha kale

Chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa katika kalibu ya mchanga. Mafundi wa zamani walitumia mchanga laini, hivyo manyoya ya bundi huonekana moja moja na mgongo wa kiegemeo hauparuzi kiganja. Nakala za siku hizi huwa na chembechembe, kingo zenye alama za mashine ya kusaga, na kutu ya rangi ya chungwa iliyoenea sawasawa. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia iliyokolea. Skrubu ya nyota ni dalili mbaya, kwani ilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930. Sumaku hunasa chuma, lakini si shaba wala zinki.

Rangi ya awali ndiyo roho ya thamani. Huchakaa panaposhikwa, kama puani na kwenye kingo. Mchubuko uliotapakaa kila mahali hutiliwa shaka. Kuipaka upya, hata kwa ustadi, hushusha bei.

Utunzaji

Hufutwa kwa kitambaa kikavu na kuwekwa mbali na unyevu.

Siku hizi

Huuzwa minadani na katika maduka ya vitu vya kale. Kimoja kisicho na mwenzake hupata bei ndogo.