Mti na Jina Lake: Useremala wa Pwani ya Kilwa

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nyumba za mji ule zilijengwa kwa miti. Kauli hiyo imewatatiza wengi, kwani Msikiti Mkuu wa mawe ulikwisha kusimama tangu karne ya 11. Hata hivyo, nyumba ya mawe nayo ilitegemea mti: dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi cha mita 3 au pungufu.

Tuyatazame maneno ya kazi hii. Msumari umetoka Uarabuni, randa Uajemi, na meza ni neno la Wareno, walioivamia Kilwa mwaka 1505. Lakini mgunga, mkongo, mninga na mpingo ni majina ya wenyeji. Maana yake ni kwamba fundi wetu alipokea zana na maumbo kutoka ng'ambo, bali elimu ya mti ilikuwa yake: alijua mkongo wafaa mlango, na mpingo huzama majini kwa uzito wake.

Mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole, wilayani Kilwa, ulipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora. Wachumi walifurahia bei ya mpingo; mimi nilifurahia jina lake. Mti ukitoweka, jina hubaki kamusini, na kamusi haioti majani.